Delirious? (bendi ya roki ya Uingereza)

Delirious?, ambayo jina lake huandikwa daima pamoja na alama ya kuuliza, ilikuwa bendi ya muziki wa roki iliyozaliwa katika kanisa la mji mdogo wa Littlehampton, katika kaunti ya West Sussex, pwani ya kusini ya Uingereza. Ilianza kazi mwaka 1992 kwa jina la Cutting Edge Band, ikabadili jina mwaka 1996 wanamuziki wake walipoacha ajira zao nyingine ili waishi kwa muziki peke yake, na ikafikia tamati kwa onyesho la kuaga lililofanyika katika ukumbi wa Hammersmith Apollo, London, tarehe 29 Novemba 2009. Kwa sehemu kubwa ya uhai wake wanamuziki walikuwa watano: Martin Smith, mwimbaji mkuu na mpiga gitaa, Stuart Garrard, ajulikanaye zaidi kwa jina la Stu G, mpiga gitaa la solo, Tim Jupp, mpiga kinanda, Jon Thatcher, mpiga besi, na Stewart Smith, mpiga ngoma, ambaye, ijapokuwa jina la ukoo wake ni sawa na la mwimbaji, hakuzaliwa naye tumbo moja.

Bendi hii ina mahali pake katika historia ya muziki wa Kikristo kwa sababu ilijaribu, kwa ikhlasi na kwa muda wote wa uhai wake, kutunga nyimbo ambazo waumini wangeweza kuziimba katika ibada na ambazo msikilizaji asiye na dini angeweza kuzisikiliza redioni pasipo kujiona mgeni. Azma hiyo haikutimia kwa pande zote mbili kwa kiasi kilicho sawa. Soko la muziki liliipokea bendi kwa miaka michache kisha likaelekeza macho kwingine, ilhali makanisa ya nchi nyingi yalizichukua nyimbo zake yakazifanya mali yao, hata wengi wanaoziimba leo hawajui zilitungwa na nani.

Muziki wa ibada kabla ya bendi

Kwa vizazi vingi ibada katika makanisa ya Uingereza iliandamana na sauti ya kinanda kikubwa cha kanisa na vitabu vya tenzi, na muziki wa roki, ulipotokea katikati ya karne ya 20, ulihesabiwa na wazee wengi wa kanisa kuwa ni muziki wa ulimwengu usiostahili kuvuka kizingiti cha nyumba ya Mungu. Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1966 Cliff Richard, mwimbaji aliyependwa mno na vijana wa zama hizo, alitangaza imani yake hadharani katika mkutano wa mhubiri Billy Graham huko Earl's Court, London. Na mwaka 1969, huko Marekani, Larry Norman alitoa albamu ya Upon This Rock, ambayo aghalabu hutajwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za roki ya Kikristo. Katika miaka ya 1970 yalichipuka Uingereza makanisa mapya, mengi yao yakianza kwa jamaa chache kukusanyika sebuleni, na kwa kuwa hayakufungwa na taratibu za kale, yaliruhusu gitaa na ngoma ndani ya ibada. Kutoka katika mazingira hayo alitokea mtungaji Graham Kendrick, ambaye nyimbo zake zilisikika barabarani katika maandamano ya March for Jesus, yaliyoanza London mwaka 1987.

Hata hivyo pengo moja lilibaki. Nyimbo za kuabudu zilikuwa nyepesi, zenye sauti ya upole, zilizotungwa ili mkutano wote uweze kuzifuata; na bendi za roki za Kikristo, kwa upande wake, zilipiga muziki wenye nguvu jukwaani ili kuwahubiria vijana, huku watazamaji wakisimama kusikiliza tu. Kijana aliyezaliwa katika kanisa alikuwa na muziki wa kuombea na muziki wa kufurahia, navyo havikukutana. Kuviunganisha viwili hivyo ndiko kulikoipa bendi ya Littlehampton sababu ya kuwapo.

Asili na kanda za mwanzo

Arun Community Church, kanisa lililochukua jina la mto Arun uingiao baharini hapo Littlehampton, lilianzisha mwaka 1992 mkutano wa vijana uliofanyika mara moja kila mwezi na kuitwa Cutting Edge. Muziki wa mkutano huo uliongozwa kwanza na watu watatu: Martin Smith, ambaye alikuwa fundi wa sauti katika studio za ICC za mji wa Eastbourne, Stewart Smith, ambaye riziki yake ilitokana na ubunifu wa michoro, na Tim Jupp. Stu G alijiunga nao baadaye, akaja na gitaa lililobadili sura ya muziki wao, na Jon Thatcher, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, akafuata. Mkutano ulioanza kwa vijana wachache wa mji ulivuta watu kutoka miji ya jirani, na kila mwezi ukumbi ukazidi kuwa mdogo.

Jambo lililowavutia vijana hao lilikuwa namna ya kupiga muziki. Wimbo haukukoma pale ubeti wa mwisho ulipokwisha. Ala ziliendelea kulia, kiongozi akaomba au akabuni maneno papo hapo, mkutano ukaitikia, na ngoma zikapanda na kushuka kwa kadiri ya hisia za waliohudhuria. Waliokuja kutazama walijikuta wameimba kwa muda mrefu kuliko walivyosikiliza. Desturi hiyo ilipata nguvu zaidi mwaka 1994, wakati uamsho ulioanza Januari katika kanisa moja karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, Kanada, ulipovuka bahari na kuenea katika makanisa mengi ya Uingereza, ukiamsha kiu ya ibada ndefu na za wazi.

Kati ya mwaka 1993 na 1995 wanamuziki hao walirekodi kanda nne fupi, zilizopewa jina la mkutano wao. Kanda hizo hazikutangazwa kwa mali nyingi. Ziliuzwa mezani baada ya mikutano, wageni wakaenda nazo kwao, na wapiga gitaa wa makanisa mengine wakajifunza nyimbo kwa sikio kisha wakazifundisha mikutano yao. Kwa njia hiyo nyimbo zilisafiri mbele ya bendi yenyewe. Katika kanda hizo ndimo ulimo wimbo wa I Could Sing of Your Love Forever, alioutunga Martin Smith mwaka 1994. Ndimo ulimo Did You Feel the Mountains Tremble?; na ndimo zilimo Lord, You Have My Heart, Thank You for Saving Me na The Happy Song. Ni dhahiri, kwa anayeitazama kazi yote ya bendi hii toka mwanzo hadi mwisho, kwamba sehemu kubwa ya urithi wake ilikwisha kuandikwa kabla wanamuziki hawajawa watu wa muziki kwa ajira, walipokuwa bado wakitunga kwa ajili ya ukumbi mmoja na watu waliowajua kwa nyuso.

Ajali na uamuzi

Katika kiangazi cha mwaka 1995 Martin Smith, akiwa njiani kurudi nyumbani usiku, alishikwa na usingizi nyuma ya usukani na gari likagonga ukuta. Ndani ya gari walikuwamo mkewe na Jon Thatcher, na wote watatu walisalimika. Lakini Martin alinaswa katika mabaki ya gari kwa muda mrefu kabla ya kutolewa, akavunjika mguu, na akalazwa hospitali kwa majuma kadhaa. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba kitandani hapo ndipo alipoyapima maisha yake na kukata shauri kwamba muziki usiendelee kuwa kazi ya ziada. Wenzake walikubaliana naye. Mwezi Aprili 1996 bendi ilianza kazi ya muda wote kwa jina jipya la Delirious?, na mwaka huo huo ikatoa Live & In the Can, albamu iliyochanganya nyimbo za mikutanoni na kazi za studio.

Uamuzi wa pili, ambao haukuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, ulikuwa kuanzisha kampuni yao ya kurekodi, Furious? Records, badala ya kujiweka chini ya kampuni kubwa ya London. Kwa kufanya hivyo walibaki Littlehampton, karibu na kanisa lililowalea, wakamiliki kazi zao wenyewe, na wakajiamulia ni nyimbo zipi zitoke na lini. Ilhali kwa soko la Marekani walishirikiana na kampuni ya Sparrow, iliyokuwa na mizizi mirefu katika biashara ya muziki wa Kikristo huko.

Miaka ya sokoni, 1997 hadi 2002

Mwaka 1997 bendi ilitoa King of Fools, albamu yake ya kwanza ya studio iliyokamilika, nayo ikafika nafasi ya 13 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Santuri ya wimbo wa Deeper, na baadaye ile ya Promise, zote mbili zilifika nafasi ya 20. Kwa kundi lililotokana na kanisa, lisilo na kampuni kubwa nyuma yake, mafanikio hayo yalikuwa ya ajabu, na yalitokana na wafuasi ambao, baada ya kuzijua nyimbo hizo mikutanoni, walikwenda madukani kwa makundi katika juma la kwanza la kutolewa kwake. Katika albamu hiyo hiyo umo wimbo wa History Maker, ambao ulikuwa na safari ndefu mbele yake kuliko zile zilizotolewa kuwa santuri.

Albamu iliyofuata, Mezzamorphis ya mwaka 1999, ilikuwa jaribio la kijasiri. Magitaa yalikuwa mazito zaidi, sauti za kompyuta ziliingizwa, maneno mengi yalizungumza juu ya imani kwa mafumbo badala ya kuitaja waziwazi, na wahakiki walisikia humo athari za U2 na za Radiohead. Albamu ilifika nafasi ya 25, santuri ya See the Star ikafika nafasi ya 16, ambayo ndiyo ya juu kabisa waliyoipata wakati bendi ingali hai, na ile ya It's OK ikafika nafasi ya 18 mwaka 2000. Lakini vituo vikubwa vya redio havikuzipa nyimbo hizi nafasi iliyolingana na mauzo yake, na wimbo usiopigwa redioni, hata ukinunuliwa sana katika juma la kwanza, huporomoka katika juma la pili kwa kuwa haukumfikia mtu aliyekuwa haujui.

Kwa hiyo bendi ilijikuta ikitumikia mabwana wawili. Mwaka 2000 ilitoa Glo, albamu iliyorudi kwa ukamilifu katika nyimbo za sifa na kuabudu. Mwaka 2001 ikatoa Audio Lessonover?, iliyoelekezwa kwa wasikilizaji wote, na ambayo mwaka uliofuata ilifanyiwa mabadiliko na kutolewa Marekani kwa jina la Touch. Santuri ya Waiting for the Summer ilifika nafasi ya 26, na katika kiangazi hicho cha mwaka 2001 bendi ilitangulia jukwaani katika maonyesho ya Bon Jovi katika viwanja vya Uingereza. Kwa nyakati nyingine ilitangulia pia mbele ya Bryan Adams. Hayo yalikuwa majukwaa makubwa kuliko yote waliyokaribishwa nje ya kanisa, nayo hayakufungua mlango wa kudumu.

Kurudi kwa mkutano

World Service ya mwaka 2003 ndiyo albamu ambamo mvutano huo ulipata suluhu. Bendi haikuacha nguvu ya roki, wala haikuficha tena maneno ya imani, na matokeo yake ni nyimbo ambazo ni za jukwaani na za ibada kwa wakati mmoja. Mmojawapo, Majesty (Here I Am), walioutunga Martin Smith na Stu G, ni wimbo wa mtu asimamaye mbele ya Mungu akiwa mikono mitupu, uanzao kwa unyenyekevu na kukua hatua kwa hatua hadi mkutano wote uimbe kwa sauti kuu. Kwa ufundi wake wa kupanda bila papara unastahili kuhesabiwa miongoni mwa nyimbo bora za kuabudu za kizazi chake. Mwaka huo huo bendi iliungana na kanisa la Hillsong mjini Sydney, Australia, kwa tamasha la pamoja lililorekodiwa na kutolewa mwaka 2004 kwa jina la Unified Praise, ambapo chemchemi mbili kubwa za nyimbo za kuabudu za wakati ule zilikutana jukwaa moja.

The Mission Bell ilifuata mwaka 2005, kisha mwaka 2006 ikatoka Now Is the Time, iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika kanisa la Willow Creek karibu na Chicago. Wakati huo bendi ilikuwa imekwisha kuzunguka mabara mengi, na ziara za India ziligusa nyoyo za wanamuziki kuliko nyingine. Huko Mumbai walikutana na watoto wa wanawake waliokuwa wakiuza miili yao, wakaona umaskini ambao nyimbo zao za awali hazikuwahi kuutaja, na mtu aliyekwisha kuona hayo hawezi kurudi kwake akaimba juu ya baraka kana kwamba hakuona. Tunda la safari hizo lilikuwa Kingdom of Comfort ya mwaka 2008, albamu inayojihoji juu ya starehe ya Mkristo wa nchi tajiri, na ambayo kwa uzito wa dhamiri inazipita nyingine zote za bendi hii.

Kutoka katika dhamiri hiyo hiyo ulizaliwa mradi wa CompassionArt. Mwezi Januari 2008 Martin Smith aliwakusanya watungaji wenzake huko Perthshire, Scotland, wakiwamo Graham Kendrick, Matt Redman, Tim Hughes, Darlene Zschech, Chris Tomlin, Michael W. Smith, Steven Curtis Chapman na Israel Houghton, wakatunga nyimbo kwa pamoja kwa sharti kwamba mapato ya haki zake yaende kwa maskini. Katika biashara ambayo kila mstari una mwenyewe, makubaliano ya watungaji wakubwa kiasi hicho kuacha haki zao kwa hiari ni tendo la kukumbukwa.

Mwisho wa bendi

Mwezi Julai 2008 ilitangazwa kwamba Martin Smith angeondoka mwishoni mwa mwaka 2009 ili awe karibu na familia yake na kushughulikia kazi nyingine, na kwamba bendi ingefunga safari yake. Stewart Smith alikuwa amekwisha kuondoka katika mwaka huo wa 2008, na nafasi yake kwenye ngoma ikachukuliwa na Paul Evans. Tamasha la Bogotá, Kolombia, lilirekodiwa na kutolewa mwaka 2009 kwa jina la My Soul Sings, na mwezi Novemba mwaka huo wakaaga rasmi jijini London.

Miezi michache baadaye lilitokea jambo ambalo bendi haikulipata katika miaka yake yote ya kazi. Waumini wa Uingereza waliafikiana kupitia mtandao wa Facebook kununua History Maker kwa wingi katika majira ya Pasaka ya mwaka 2010, na wimbo huo, uliokuwa na umri wa miaka 13 na ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kutawanyika, ukafika nafasi ya 4 katika orodha ya mauzo.

Wanamuziki waliendelea na kazi kwa njia mbalimbali. Tim Jupp alianzisha mwaka 2009 tamasha la Big Church Day Out, lililofanyika katika mashamba ya Wiston House, huko huko West Sussex, ambalo limeendelea kuwakusanya Wakristo wa madhehebu mengi kwa nyimbo za wazi chini ya mbingu. Stu G aliendelea kutunga na kupiga gitaa huko Marekani, akaanzisha kazi ya nyimbo na maandishi juu ya Heri zilizomo katika Injili ya Mathayo. Martin Smith alirekodi albamu zake mwenyewe, akatunga pamoja na wengine, na baadaye akaunda bendi nyingine ya roki iitwayo Army of Bones.

Sifa za muziki na athari zake

Nyimbo za Delirious? zilizodumu zina umbo linalotambulika. Ubeti huwa mfupi na huimbwa kwa sauti ya chini, ili yule asiye na kipaji cha uimbaji asiachwe nyuma. Kiitikio ni cha maneno machache yanayorudiwa, hivyo mgeni huyashika kwa mara ya pili. Na baina ya kiitikio na kiitikio huachwa nafasi ya ala, ambamo gitaa la Stu G, lililotumia mwangwi wa kielektroniki, hutandaza sauti pana inayoubeba mkutano. Ngoma huzuiliwa mwanzoni na kuachiliwa mwishoni. Umbo hilo, ambalo lilikuwa geni katika ibada mwanzoni mwa miaka ya 1990, limekuwa la kawaida kiasi kwamba vijana wa leo hudhani ibada ilikuwa hivyo tangu asili.

Zipo pia lawama zilizotolewa, na zinastahili kusikilizwa. Wako walionena kwamba nyimbo za namna hii huzungumza mno juu ya hisia za mwimbaji na kidogo juu ya mafundisho. Wengine wakanena kwamba taa na sauti kubwa humfanya kiongozi wa ibada aonekane nyota. Lawama ya kwanza ina ukweli kwa baadhi ya nyimbo za mwanzo, ijapokuwa Zaburi zenyewe zimejaa kilio na furaha ya nafsi ya mtu mmoja. Na kwa lawama ya pili, ushahidi ulio mzito ni kwamba nyimbo hizi ziliendelea kuimbwa mahali pasipo na taa wala jukwaa, kwa gitaa moja na sauti za watu.

Kuenea huko kulikuwa na njia zake. SonicFlood, bendi ya Marekani, ilirekodi I Could Sing of Your Love Forever mwaka 1999 na kuufikisha kwa makanisa mengi ya nchi hiyo ambayo hayakuijua Littlehampton. Fauka ya hayo, shirika la CCLI, linalosimamia leseni za nyimbo za kanisa, liliwezesha makanisa kulipa ada ya mwaka na kuziimba nyimbo kwa halali, huku taarifa za nyimbo zinazoimbwa zikitumika kugawa mapato kwa watungaji. Na kwa utaratibu huo wimbo ambao haupigwi redioni unaweza kumlisha mtungaji wake miaka mingi, madhali kuna mikutano inayouimba Jumapili. Santuri huuzwa mara moja, lakini wimbo wa ibada huitwa tena kila juma.

Vijana wa makanisa waliokuja baadaye na magitaa yao, huko Uingereza, Australia na Marekani, walikuta njia imekwisha kulimwa. Walijifunza kutoka kwa Delirious? kwamba kanisa la mji mdogo laweza kutunga nyimbo zake lenyewe bila kungoja kutumiwa kutoka miji mikuu. Kwamba wanamuziki waweza kumiliki kazi zao. Na kwamba nguvu ya roki, ikitiwa katika utumishi wa mkutano, hukuza sauti ya watu wa kawaida badala ya kuinyamazisha. Kati ya mafunzo hayo matatu, hili la mwisho ndilo lililo kubwa, kwa kuwa bendi yoyote yaweza kuwafanya watu wasikilize, na ni chache sana zilizowafanya watu waimbe.